Karibuni Wageni

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nyumba, nyumba ina nani?
Ina mtu mmoja!

Basi hapo kale Bi Somoe alikaa peke yake. Mume kafa, mabinti wameolewa mbali. Mamake alimfunza tangu utotoni: "Ukiumia, mwanangu, usitukane. Sema, Karibuni wageni!" Naye akashika.

Siku ya kwanza akajikwaa kizingitini. Kidole, ka! "Karibuni wageni!"

Jirani yake, Bi Hadia, alikuwa anakuja kumtazama. Akasita uani. "Kumbe ana ugeni! Nikiingia sasa watasema nimefuata wali." Akarudi.

Siku ya pili akakuna nazi, mbuzi ikamkata. "Karibuni wageni!"

"Mh! Hawajaondoka tu?" Bi Hadia huyo, akarudi.

Naye Bi Somoe ndani, wajukuu, anapakua sahani mbili. Moja anakula. Ya pili anaitazama mpaka inapoa. "Nimewakosea nini watu hawa?"

Siku ya tatu akapanda kigoda kutungua ungo. Kigoda kikapinduka. Chini, pu! Mguu ukavunjika.

"Karibuni wageni!"

Hakuja mtu.

"Karibuni wageni!"

Akaingia kuku. Jua likapanda, jua likashuka, koo likakauka. Akaona, heri aibu, nisije nikafia adabu.

Akavuta pumzi, akaporomosha tusi. Tusi gani? Msiniulize, wajukuu. Lilikuwa na mama ndani yake, na baba, na vitu vyao vyote. Hata mbwa walinyamaza.

"Ee! Bi Somoe huyo?" Mtaa mzima mbio, maana penye tusi hapapigwi hodi. Wakamkuta chini. Mkeka mmoja, sahani mbili, moja imejaa wali wa jana.

Bi Hadia akampakata kichwa. "Wageni wako wapi, mwenzangu?"

"Wageni gani? Nilikuwa naumia."

"Siku zote zile?"

"Siku zote."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wanaume walipokuwa wakifunga mguu kwa vijiti, Bi Hadia aliivuta ile sahani iliyopoa, akakaa mkekani, akaula ule wali mkavu mpaka tonge la mwisho. Bi Somoe akimtazama tu, machozi yanamtoka.

Ngano yangu nimeifikisha mlangoni. Ikiwa nzuri, ondokeni nayo. Ikiwa mbaya, niachieni, nipate wa kukaa naye.