Pilipili Zilizoota Kifuani kwa Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba, masufuria na majivuno kama sisi, na aliyewashinda wote kwa majivuno ni Nyati. Sogeeni niwaeleze alivyofanywa mjinga. Mkitaka kumcheka, mcheke tu, mimi mwenyewe simwonei huruma.

Nyati alikuwa na shamba kubwa bondeni, kwenye jua na udongo mweusi. Juu yake, mlimani kwenye baridi ya kugonganisha meno, aliishi Bi Pimbi, mjane mwenye watoto wanne na kishamba cha hatua kumi. Nyati, na ukubwa wake wote, alikitamani hicho hicho kishamba.

Mwaka huo Mwenyekiti Kifaru alichoka kula ugali bila pilipili. Akapiga mguu chini, puu! Akagawa mbegu za pilipili mbuzi kwa kila mwenye shamba, akatoa amri kwamba baada ya siku ishirini na tano kila mmoja azilete barazani zikiwa zimeota. Atakayeshindwa, shamba lake lichukuliwe na jirani aliyefaulu.

Nyati alicheka mpaka akakohoa. Pilipili mbuzi ni mbegu yenye kiburi, haioti kwenye baridi, kwa hiyo Pimbi alikuwa amekwisha.

Sasa mwangalieni mkulima wetu. Alichimba shimo la kufika gotini, akatupa mbegu zote humo, akamwaga ndoo nzima ya maji, chwaa! Kesho yake akafukua aone kama zimeota. Hazijaota. Akafukia, akamwaga ndoo nyingine, na kesho yake akafukua tena. Mbegu gani itaota ikiamshwa kwa kwato kila asubuhi? Siku ya nne zilikuwa zimeoza na kunuka, naye akatangaza kwamba mbegu zenyewe ni mbovu, na kwamba hakuna wa kuthubutu kumnyang'anya shamba mwenye pembe kama zake.

Bi Pimbi hakutangaza kitu. Aliziroweka mbegu zake katika maji ya uvuguvugu, akakata kipande cha kanga yake ya manjano, akakilowesha na kukikamua, akazifunga humo. Kilichobaki ni joto, joto la siku zote lisilokatika, nalo hakuwa nalo. Kuni zilikuwa chache na jiko lilipoa kila mara. Alilia waziwazi mbele ya watoto wake, kwa maana hakuwa na pengine pa kuwapeleka.

Alipofuta machozi akatazama bondeni. Nyati alikuwa amesimama juani, mwili mzima ukitoa mvuke.

Akashuka mbio. Akamsalimia kwa kuinama, akamwambia kwamba anajua mbegu zake hazitaota, hivyo amekuja mapema kumwomba amwonee huruma baadaye.

"Baadaye lini?" Nyati akauliza.

"Utakapokuwa mwenyekiti, bwana mkubwa. Nimekuletea hirizi ya marehemu mume wangu. Anayeivaa siku ishirini na moja hukalia kiti cha Kifaru. Lakini ina masharti, na sijui kama utayaweza."

Nyati akakasirika. Kuna sharti gani asiloliweza yeye?

Pimbi akamtajia. Aivae kifuani, chini ya mkunjo wa ngozi ya shingo. Asubuhi na jioni ainyunyizie matone ya maji ya uvuguvugu. Asigaegae matopeni, na baridi ikija akae karibu na jiko. "Na usiifungue, bwana mkubwa. Ukiifungua, pembe zitadondoka."

Basi yule aliyeshindwa kuiacha mbegu yake itulie hata siku moja, akatulia siku ishirini na moja. Akachemsha maji mwenyewe, akayapima kwa ulimi yasiunguze. Akalala jikoni kama paka. Mkewe alipomuuliza ni kitu gani hicho, akamwambia aanze kujifunza kumwinamia mapema.

Siku ya baraza Nyati alifika kifua mbele, akaanza kukikodolea macho kiti cha Kifaru. Wanyama walipoitwa kuonyesha mbegu, Bi Pimbi, akiwa na kanga yake ya manjano iliyokatwa, akamsogelea, akapanda jiwe, akakifungua kile kifundo mbele ya wote. Ndani yake, mbegu zote zilikuwa zimetoa vimkia vyeupe.

"Mwenyekiti, mbegu zangu ni hizi. Namshukuru jirani yangu kwa kunitunzia."

Nyati akanguruma kwamba ni zake, zimeota kwa joto lake, kifuani kwake.

Kifaru akamtazama kwa makini. "Kama ni zako, kwa nini zimo kwenye kanga ya Bi Pimbi? Na kama si zako, ulidhani umevaa nini siku zote hizi?"

 Nyati akakitazama kiti, akaitazama pembe ya Kifaru iliyokuwa inaanza kuinama upande wake. Halafu akasema, kwa sauti ya ndama, kwamba mbegu ni za Pimbi.

Jioni ile ile Bi Pimbi alihamia bondeni na watoto wake wanne, na Nyati akapanda mlimani kwenda kugonganisha meno.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: anayejiona mkubwa kuliko wote hufanyishwa kazi na yeyote anayejua kumsifu.