Ukurasa wa Nyuma wa Kitabu cha Sala

Ndugu zangu, leo nawaomba mkae kidogo na mtu mmoja aliyependa vitabu vya zamani. Alikuwa afisa mstaafu wa forodha, mpole, hana neno na mtu. Nyumba yake ilijaa makabati, na makabati yalijaa vitabu adimu na picha za kale zilizochapwa kwa mabamba ya shaba. Alivishika kwa glavu nyeupe. Ukimtajia kitabu, alikuambia kilichapwa na nani, mwaka gani, na nakala ngapi zimebaki duniani.

Asubuhi moja bibi kizee akapiga hodi, kanga yake imelowa umande.

"Karibu, bibi. Nikusaidie nini?"

"Nimefuata kitabu cha sala cha marehemu mume wangu. Mpwa wangu alikuuzia nilipokuwa hospitali. Usishtuke, baba, sikuja kukidai. Nataka kusoma ukurasa mmoja tu, kisha niende zangu."

"Kumbe unajua kusoma?"

"Nimejua mwaka huu, darasa la watu wazima. Mwalimu alisema kichwa changu ni jiwe. Sasa jiwe linasoma."

Yule bwana akacheka, akamkaribisha ndani. Alipovaa glavu, bibi akamkodolea macho.

"Una upele?"

"Hapana, bibi. Mikono huchafua vitabu."

"Basi mume wangu alikichafua sana hicho. Alikuwa akikilalia."

Yule bwana akakiweka mezani kwa fahari. "Hiki kilipigwa chapa na Bwana Edwin Tarrow, mwaka 1893. Picha ya mbele aliichonga ndugu yake, Josiah Tarrow. Zimebaki nakala nne tu."

Bibi akaitikia kwa heshima, kisha akakifunua kuanzia nyuma. Akafunga, akafunua tena. Akapapasa ukingo kwa kidole.

"Ukurasa wa nyuma uko wapi?"

 Yule bwana aliukumbuka. Ulikuwa ukurasa mtupu usiochapwa kitu, na mtu alikuwa ameujaza maandishi ya mkono. Wazee wetu walikuwa na desturi hiyo: mtoto akizaliwa, jina lake na siku yake viliandikwa nyuma ya kitabu cha sala. Lakini wakusanyaji wa vitabu hutaka kitabu safi. Alikuwa ameukata kwa wembe, sambamba na mshono, kwa ustadi ambao mpaka siku ile alijisifu nao.

"Ulikuwa na wino, bibi. Niliuondoa."

"Ukauweka wapi?"

"Niliuchoma na takataka."

Bibi akakifunga kitabu. Aliposema, sauti yake ilikuwa ileile.

"Nilizaa watano. Filemoni, Eunike, Tito na Salome, hao nawajua, walikua. Wa tano alikuwa msichana, akaishi siku mbili. Padri alikuwa safarini, kwa hiyo mume wangu akambatiza mwenyewe kwa maji ya bakuli, akaandika jina humo. Kwenye daftari la kanisa halikuingia. Mimi nilikuwa na homa, sijitambui. Na kwetu mtoto mchanga akifa, jina lake halitajwi tena mbele ya mama yake. Mume wangu hakulitaja mpaka akafa. Ndiyo sababu nikaenda darasani, baba. Sikuwa na haja nyingine ya kusoma."

Akasogea karibu. "Ukichoma umechoma. Lakini uliusoma kwanza, sivyo? Mtu anayejua majina kama wewe? Nitajie tu. Aliitwa nani?"

Yule bwana akafungua kinywa. Jina la Edwin Tarrow lilikuwapo. La Josiah lilikuwapo. Mwaka ulikuwapo, na hata jina la kiwanda kilichotengeneza karatasi.

"Sikuusoma, bibi."

Bibi akajifunga kanga yake, akasimama.

"Basi amekufa leo," akasema, akatoka.

Mnamkasirikia, eti? Naona nyuso zenu. Mnasema, mtu gani huyu, anawajua wachapaji wa ng'ambo waliokufa zamani, asijue alichokishika mkononi?

Ngojeni. Mwaka jana, kabla ya Pasaka, sisi tulisafisha makaburi ya kanisa hili. Yenye mawe na saruji tuliyapaka chokaa. Misalaba ya miti, ile iliyoinama na kuliwa na mchwa, tuliing'oa, tukairundika nyuma ya jiko, tukaichoma, ili mahali papendeze askofu akija. Tukaipongeza kamati hapahapa. Nami nilipongeza. Jina la askofu, na tarehe aliyofika, tumeviandika ukutani kwa rangi ya mafuta.

Ile misalaba ilikuwa na majina, ndugu zangu. Yalichongwa kwa kisu, mengine yaliandikwa kwa makaa. Nani kati yetu aliyasoma kabla ya kuwasha moto?

Msinijibu kwa Amina.