Kiboko wa Hesabu na Somo la Kutoa

— Nikiita, mnaitika?
— Tunaitika hata tukiwa tumekaa!
— Na nikidanganya?
— Danganya vizuri, tusikugundue!

Haya. Ninyi wa nyuma mmeitika na karanga mdomoni, nimewasikia. Mezeni kwanza. Hadithi hii ina hesabu ndani yake, na sitaki mtu apaliwe halafu mama yake aje kunisema mimi. Naona wengine mmeshanuna. Nuneni tu, mimi nimeshaanza.

Palikuwa na shule ya wanyama, Shule ya Msingi Bwawani. Mwalimu wa hesabu alikuwa Kanga, mama wa madoadoa na hasira za karibu. Darasa la tatu zima lilikuwa na kishikwambi kimoja tu cha kufanyia mazoezi mtandaoni. Mle ndani mna mafumbo ya hesabu. Ukijibu sawa kinalia ting! na nyota inaruka kwenye kioo. Ukikosa kinalia bweee, kama mbuzi aliyekanyagwa mguu.

Jumatatu Mwalimu Kanga akamwita Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mfupi asiye na mkia.

"Wewe Pimbi, wakati wa mtihani ulikuwa umelala. Nataka nyota ishirini kabla ya Ijumaa saa nne. Usipozipata, unarudi darasa la pili."

Darasa la pili alikuwako mdogo wake wa kike, na mdogo wake ana mdomo huyo! Kukaa naye dawati moja mwaka mzima, Pimbi aliona bora aumwe na siafu.

Basi si achukue kishikwambi afanye mazoezi? Atakichukuaje, na Kiboko amekikumbatia. Jumatatu anacho. Jumanne anacho. Jumatano anacho. Ukimwomba anasema, "Mimi ndiye kiboko wa hesabu." Ukimwomba tena anafungua mdomo, mpwaaa, unaona meno, unakumbuka umeitwa nyumbani.

Na yeye mwenyewe nyota hana hata ya dawa. Kusoma kumemshinda, na kidole chake kimoja kinabonyeza namba nne kwa mpigo. Bweee. Bweee. Bweee. Darasa zima limeziba masikio.

Alhamisi asubuhi Pimbi akamsogelea.

"Shikamoo, kaka Kiboko."

"Marahaba, kafupi. Unataka nini?"

"Sitaki kitu, kaka. Nikusomee mafumbo, nikubonyezee. Nyota zako."

Kiboko akakubali, ila kishikwambi hakukiachia. Alikishika kwa mikono miwili, Pimbi akanyoosha kidole tu. Pimbi alitumaini Kiboko atashikwa na usingizi katikati. Kwenye kioo palikuwa na kumi toa nne. Pimbi akatia matikiti ili fumbo linoge.

"Una matikiti kumi. Toa manne. Yanabaki mangapi?"

Sasa kumbe Kiboko alikuwa na gunia pembeni, na ndani yake matikiti kumi, chakula chake cha mchana. Akalitazama gunia. Akamtazama Pimbi.

"Nitoe? Nimpe nani?"

Pimbi akang'ata ulimi asicheke.

"Wape waliokaa karibu, kaka. Hesabu imesema toa."

"Nisipotoa?"

"Usipotoa hakuna nyota."

Kiboko akatoa. Moja kwa Nungunungu, moja kwa Ngiri, moja kwa Kima, moja kwa Pimbi. Akahesabu yaliyobaki. "Sita." Pimbi akabonyeza sita. Ting!

Kusikia ile ting, Kiboko mwili mzima ulicheka. Ilikuwa nyota yake ya kwanza. "Lete lingine."

"Una sita. Toa matatu." Akatoa. "Matatu." Ting!

"Una matatu. Toa mawili." Akatoa. "Moja." Ting!

"Una moja. Toa moja."

Hapo Kiboko akasita. Akalinusa lile tikiti. Tumbo likanguruma, guruguruguru.

"Hakuna hesabu za kujumlisha?"

"Zipo, kaka, ila ni za darasa la kwanza. Kiboko wa hesabu naye anajumlisha?"

Kiboko akaona haya. Akatoa. "Sasa imebaki... mbona sioni kitu?"

"Hiyo ndiyo sifuri, kaka." Ting!

Mashine nazo zinachoka, kishikwambi kikarudia fumbo lile lile, moja toa moja. Pimbi akasoma polepole.

"Una kishikwambi kimoja. Toa kimoja. Vinabaki vingapi?"

"Sifuri," akasema Kiboko. "Hilo nalijua hata bila kutoa."

"Masharti ni yale yale, kaka."

Kiboko akatoa. Pimbi akakipokea, akabonyeza sifuri, ting!, halafu puru puru puru, huyo nje, kwenye mwamba wa nyuma ya darasa, juu kabisa, mahali ambapo Kiboko hafiki hata umsukume. Akaandika jina lake na kuanza mazoezi. Ijumaa saa tatu na nusu nyota ishirini zilikuwa mezani kwa mwalimu.

Nyuma ya Pimbi akaingia Kiboko, analia kwa sauti.

"Mwalimu, nimeibiwa. Nilikuwa na matikiti kumi na kishikwambi."

"Ukafanyaje?"

"Nikatoa."

"Vyote?"

"Vyote."

"Umebaki na nini?"

Kiboko akavuta kamasi. "Sifuri."

Mwalimu Kanga akachukua kalamu nyekundu, akamwekea vema kubwa kwenye daftari.

"Sahihi. Kaa chini."

Haya, wanangu, tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba hesabu za mtandaoni ni hatari, na mtoto mwenye adabu hazigusi kabisa. Wewe mwenye kishikwambi hapo, usikifiche, nimekiona. Kilete kwangu nikulindie.

Yangu nimeisema ikaisha. Anayebisha akaitunge yake, na atakayeisimulia kwao aongeze uongo wake mwenyewe, wa kwangu asiuguse.