Sahani ya Mpishi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni ya juzi tu, maana mbuzi aliyechinjwa siku ile ngozi yake mpaka leo kuna mzee anaiswalia, palikuwa na mpishi wa shughuli pale Muheza, jina lake Mwantumu. Sogeeni. Mimi shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, hatukuwahi kukubaliana. Lakini kwa hadithi hii nimeshachelewesha harusi tatu, na katika ya nne bwana harusi alikuja kuketi kwenye jamvi letu akasahau kilichomleta.

Mwantumu akipika pilau, mtaa wa tatu wanakula ugali mkavu kwa ile harufu na wanashiba. Naapa, nimeshiba hivyo mwenyewe. Alikuwa mpishi hodari na alikuwa mnene, na sitaki kuzunguka: alikuwa mnene mpaka magoti yakamgomea. Zamani alipika amesimama. Baadaye akapika amekaa kwenye kigoda. Kigoda kikapasuka, wakamletea benchi. Sukari ikapanda, pumzi ikawa fupi, akienda uani anapumzika njiani mara mbili.

Akaenda hospitali kubwa ya jijini. Madaktari wakamwambia dawa yake ni kupasuliwa, mfuko wa chakula upunguzwe ubaki mdogo kama ndizi moja. Akakubali. Wakamwandika kwenye foleni, akasubiri miezi kumi na minne, ndipo wakamtajia tarehe: kumi na saba mwezi wa sita. Ila kwa sharti, kwamba kabla ya siku hiyo apungue kilo kumi kwa jitihada zake mwenyewe.

Sasa fikirini. Mpishi wa pilau aambiwe asile pilau. Aliweza. Alionja kwa pua. Chumvi aliijua kwa kusikiliza mchele unavyochemka, na asiyeamini asiamini, mimi nilikuwepo.

Kuna mambo mawili myashike hapa. La kwanza ni sahani ya mpishi. Kwetu chakula cha shughuli hakiguswi na mtu kabla sahani ya mpishi haijatoka. Inapakuliwa ya kwanza, kutoka katikati ya sufuria, kidari juu na kipande cha ukoko pembeni. Shehe anasubiri, bwana harusi anasubiri. Na sahani hiyo haigawanywi, ikigawanywa ni makombo. Mpishi asipoweza kuimaliza humpa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye sahani siku zote, kila shughuli, mpaka mmoja wao azikwe. Kukabidhiwa sahani ya Mwantumu ilikuwa heshima kuliko kiti cha mbele, na alikuwa bado hajampa mtu: zamani aliimaliza mwenyewe, na alipoanza kupungua akajipakulia punje chache tu akazimaliza.

La pili ni funguo. Stoo ya Mwantumu ilikuwa na mchele, samli, viungo na masufuria ya nusu ya mji. Funguo tano kwenye kitanzi cha chuma, na kitanzi kilikaa ndani ya sidiria, upande wa kushoto, tangu alipoolewa. Wanawake mnajua, wanaume jifanyeni hamjui: kifua ndiyo kabati la mwanamke. Basi titi lile la kushoto lilikuwa na mahali pagumu, kama njugu mawe. Mwantumu alipapasa akajiambia ni sugu ya funguo. Mama yake alikuwa nayo, shangazi yake alikuwa nayo. Mkulima ana sugu ya jembe, mwenye stoo ana sugu ya funguo. Hakuna aliyemcheka, maana kila mwanamke mwenye stoo mtaani aliamini hivyo hivyo.

Sasa waje watu wangu watatu.

Wa kwanza ni Tunu, fundi cherehani. Kila kilo mbili zikitoka, gauni la Mwantumu linarudi kwa Tunu kupunguzwa. Tunu akapima, akaandika kwenye daftari: kiuno kimepungua, nyonga zimepungua, mikono imepungua, kifua upande wa kulia kimepungua. Kushoto kumegoma. Mwezi uliofuata, vyote vimepungua, kushoto kumegoma. Mwezi wa tatu gauni likakaa upande kama picha iliyotundikwa na mlevi. Tunu akamwomba atoe funguo apime upya. Mwantumu akamjibu kwamba funguo zake hazitolewi mbele za watu, na hiyo ni sugu, ashone.

Mafundi wa nguo za kike wana sheria yao: futi ikiona, mdomo haujui. Fundi akitoa siri ya mwili wa mteja, mtaa mzima unahamishia vitambaa kwa mwingine. Tunu akashona siku mbili huku anajiuma midomo. Siku ya tatu akaivunja sheria. Akaenda kumwambia Sikudhani.

Sikudhani ndiye wa pili. Huyu ni dada yake mume, wifi yake Mwantumu, na mawifi hawa walikuwa paka wawili ndani ya gunia moja. Sikudhani alikuwa ameitamani stoo ile miaka ishirini, na Mwantumu alikuwa akizificha funguo kifuani miaka ishirini kwa sababu ya Sikudhani. Alipopata habari ya Tunu, alikwenda nyumbani kwa Mwantumu. Akangoja Mwantumu aingie bafuni, sidiria ikiwa imetundikwa msumarini, akanyofoa kitanzi akaondoka nacho.

Nyumba ikapinduliwa. Na aliyetafuta kuliko wote ni nani? Sikudhani. Aliinua mikeka, akakung'uta magodoro, akamshika kuku akamtikisa asikilize kama analia chuma. Siku kumi. Hakukuwa na shughuli mtaani siku hizo, kwa hiyo Mwantumu alikaa bila funguo na bila sababu ya kuvunja mlango. Sikudhani, naye ni binadamu, aliingia stooni mara mojamoja, na samli ikapungua kopo zima. Hilo siwezi kumfichia.

Siku ya kumi akaja, akaweka kitanzi kwenye kiganja cha wifi yake.

"Wifi, nilikuwa nazo mimi. Utanitukana baadaye. Sasa hivi jipapase."

Mwantumu akajipapasa. Alama nyekundu ya chuma ilikuwa imefutika, ngozi imekuwa laini. Njugu mawe ilikuwa pale pale. Hakutukana. Aliketi kwenye benchi lake la kupikia, na Sikudhani akaketi naye, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wawili hao upande mmoja wa kitu chochote.

Lakini tarehe ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Mwantumu akapiga hesabu ya moyo. Akisema, watamrudisha nyuma kwenye foleni, magoti yatakufa kabla hajaitwa tena. Asiposema, atapasuliwa tumbo, na hilo lingine ataliangalia baadaye. Akaamua kunyamaza. Sikudhani akapandisha sauti kidogo, akashindwa, maana mwili si wake na hospitali hakualikwa.

Aliyealikwa ni mume, Mhina, ndiye wa tatu. Mhina alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache, mcha Mungu. Aliwahi kuapa ujanani kwamba hatakanyaga tena uwanja wa binamu yake, na mpaka leo akienda sokoni anazunguka nyuma ya mashine ya kusaga. Mwantumu alimjua mumewe. Akamweleza yote, kisha akamshikisha Msahafu na kumwapisha: hatatamka habari ya titi mbele ya mtu yeyote wa hospitali mpaka tumbo limeshapasuliwa. Mhina akasita. Mkewe akamwambia kama hataki kuapa, basi safari atakwenda peke yake. Mhina akaapa.

Wakafika jijini. Muuguzi akauliza maswali yake, anaandika. Sukari? Ipo. Presha? Kidogo. Tatizo lingine lolote mwilini? Mwantumu akasema hakuna. Muuguzi akamgeuzia karatasi atie sahihi, na Mwantumu akashika kalamu.

Mhina akasimama. Akaifunika ile karatasi kwa kiganja.

"Dada, mke wangu ana kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Nilikula kiapo nisiseme. Nimesema."

Kalamu ikawekwa chini. Daktari akaitwa, akapapasa, akasema upasuaji wa tumbo usimame kwanza. Tarehe kumi na saba ikaondoka pale pale, Mwantumu anaiona. Wakampiga picha, wakamchoma sindano wakachukua kinyama kidogo cha kupima, wakamwambia arudi baada ya siku kumi na moja. Kutoka jijini hadi Muheza hakumpa mumewe hata neno la kuomba maji.

Siku kumi na moja, jamaa zangu. Kufunga Ramadhani ni siku nyingi zaidi, lakini jua la magharibi unalijua litafika. Tunu alihamishia cherehani kwenye baraza ya Mwantumu, akashona hapo hapo ili asiwe peke yake. Sikudhani alimpikia, na kila chungu akakiharibu kwa makusudi, wakagombana kuanzia asubuhi, maana mtu anayegombania chumvi hapati nafasi ya kuogopa. Mhina, kwa kuwa alikuwa hasemeshwi, alikaa nje ya mlango. Alitengeneza saa zote za mtaa, hata za watu ambao hawakumletea.

Katika siku hizo akatoa pia kafara ya kiapo alichokivunja, kulisha maskini kumi. Pilau alilipika mwenyewe. Likaungua. Maskini walimwonea huruma.

Siku ya kumi na mbili majibu yakatoka. Si saratani. Uvimbe tu, wa aina isiyoua. Ukaondolewa kwa mpasuko mdogo, akaambiwa awe anachunguzwa kila mwaka, na tena kitu kigumu kifuani asikiite sugu. Mwantumu alicheka, akalia, akamgeukia Mhina akamwomba maji. Mhina aliyaleta mbio, akasahau kikombe. Wafungwa wa kunyimwa neno mtaelewa.

Tarehe nyingine ikapatikana mwezi wa kumi. Akapasuliwa salama, mfuko ukabaki ndizi moja. Alipopata nguvu akasema mdomo pekee hautoshi kushukuru, lazima na sufuria ishukuru. Akaitisha dua, akaalika watu mia mbili, na mimi nikiwemo, nilijialika.

Siku hiyo Mwantumu alipika amesimama. Miaka sita hatujamwona amesimama mbele ya sufuria. Akapakua sahani ya mpishi, kidari juu, ukoko pembeni. Akala kijiko kimoja, akala cha pili, cha tatu tumbo likamwambia basi. Akaiinua ile sahani, imejaa karibu vile vile, akatazama watu. Tukajua leo inapata mwenyewe.

Tunu akasema ni yake. Yeye ndiye aliyeona kwanza, macho yote ya mtaa yalimwona Mwantumu anapungua, ya kwake tu ndiyo yaliona kisichopungua. Amevunja sheria ya ufundi kwa ajili yake, na wateja wanne wameshamhama.

Sikudhani akamwambia afyate mdomo. Kuona ameona, lakini alipima na kushona, Mwantumu hakuamini. Aliyemfanya aamini ni nani? Mwizi. Bila wizi wake njugu ile ingelindwa na funguo mpaka leo. "Nimeitwa mwizi na mtaa mzima kwa ajili yako, wifi, na sahani sijaona." Mtu akamkumbusha samli. Akasema samli ni ujira wa kazi nyingine.

Mhina hakutaka kusema. Wakamsukuma. Akasema tu kwamba wote wawili walimfikisha mkewe kujua, na akishajua alikuwa amenyamaza. Kujua hakukumfikisha kwa daktari. "Mimi nilivunja kiapo juu ya Msahafu. Hawa walivunja sheria za watu."

Hapo mgeni mmoja wa nyuma, njaa inamsemesha, akauliza ugomvi wa nini ilhali uvimbe wenyewe haukuwa kitu, na mama wa watu alipotezewa miezi minne bure.

Mwantumu akamgeukia, sahani mkononi.

"Kwamba si kitu niliambiwa na daktari baada ya kuangalia. Kabla ya hapo hakuna aliyejua, wala mimi. Hawa watatu kila mmoja alinikosea ili niangaliwe. Mimi nashukuru hata nilivyokosewa."

Mgeni akarudisha macho kwenye sufuria. Sufuria iko wazi, shehe anasubiri, hakuna anayeruhusiwa kugusa tonge mpaka sahani ile itoke. Mwantumu amesimama kwa magoti yake mapya, anamtazama aliyetoa siri, anamtazama aliyeiba, anamtazama aliyevunja kiapo. Sahani ni moja, na atakayeipata ni kwa maisha.

Mimi nilikuwepo, nilikula, na ninajua ilikwenda mkono gani. Sisemi. Mara ya mwisho niliposema, nilifukuzwa Korogwe kabla ya chai. Semeni ninyi, na semeni upesi, kwa maana pilau linapoa na mkono wa Mwantumu umeanza kuchoka: Tunu, Sikudhani au Mhina, nani aliistahili sahani ile?