Taa ya Mama Yake Fundi Nehemia

Isome hii mpaka mwisho, hasa wewe uliyemwacha mzazi kijijini.

Pale Kibaigwa palikuwa na fundi mmoja, jina lake Nehemia. Kwa mambo ya betri na sola hakuwa na mpinzani. Ukimpelekea redio iliyokata sauti, tochi isiyowaka au simu inayojizima, atakuuliza maswali matatu tu na kukuambia ugonjwa ulipo. Watu wakamwita Daktari, na jina hilo, tuseme ukweli, lilimpanda kichwani.

Mama yake, Bi Perisi, aliishi peke yake kijijini. Nehemia alikuwa amemfungia taa ya sola kwa mikono yake mwenyewe. Siku moja mama akapiga simu.

"Baba, taa yako inafifia."

"Paneli ina vumbi hiyo, Mama. Ifute kwa kitambaa chenye maji."

Mama akafuta. Wiki ya pili akapiga tena.

"Bado inafifia, mwanangu."

"Basi vichwa vya betri vimeshika kutu. Mwambie jirani avikwangue, na waya azikaze."

Jirani akakwangua, akakaza, wapi! Mama alipopiga mara ya tatu, Nehemia akatuma balbu mpya kwa basi, na betri mpya juu yake. Mara ya nne mama alishukuru sana kwanza, kisha akasema, kama mtu anayeomba radhi, kwamba mwanga umezidi kupungua.

Hapo Nehemia akapandwa na hasira.

"Mama, betri ni mpya! Hao majirani zako wanachaji simu zao humo, ndio wanaoimaliza. Wakataze!"

Mama akaitikia, akakata simu. Tangu siku hiyo hakulalamika tena, na Nehemia akahesabu kwamba tatizo limekwisha.

Ikapita miezi saba. Mavuno yalipomalizika ndipo fundi wetu alipopata nafasi ya kwenda kwao. Alifika mchana, na hata maji hakunywa, akatoa mita yake akaanza kupima. Betri imejaa. Waya hazina kasoro. Akabonyeza swichi, taa ikawaka mpaka ikamuumiza macho.

"Mama, mbona taa ni nzima kabisa?"

"Imewaka?" mama akauliza.

Nehemia akacheka, akidhani ni utani. Mama hakucheka.

"Mimi nilishajua kosa si lako, baba," akasema. "Nilikaa nikafikiri, nikaona tatizo ni jua. Jua la siku hizi limepungua. Hebu tazama huko nje, mchana wote huu na giza limeshaanza kuingia. Hiyo betri itapata wapi nguvu?"

Nehemia akatazama nje. Jua la saa saba lilikuwa linachoma uani, hata kuku walikuwa wamejibanza chini ya ghala.

Akakaa chini palepale.

Kesho yake alimpeleka mama hospitali. Daktari, huyu wa kweli, akamchunguza macho yote mawili, akasema ni presha ya macho. Dawa ingeweza kuulinda uoni mdogo uliobaki, lakini uliokwisha kupotea haurudi.

"Angeletwa mapema, angekuwa anaona," daktari akasema. "Hakuwahi kukuambia?"

"Aliniambia mara nne," Nehemia akajibu, na akalia mbele ya wagonjwa wote, mtu mzima na ndevu zake.

Mama akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake.

"Usilie, baba," akamwambia. "Taa yangu uliitengeneza vizuri."

Funzo: Mzazi akikuambia taa inafifia, usikimbilie kutuma betri. Nenda kwanza ukamtazame yeye.