Mbwa Aliyefukizwa Ubani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmelala njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakisikia, palikuwa na bibi mmoja, Bi Sikitu. Aliishi na Paka, na Jogoo, na mbwa aliyeitwa Masikio, maana masikio yake yalifika kwenye uji kabla ya mdomo. Mpole jamani! Vifaranga walimpanda mgongoni, naye katulia tu.

Lakini pua! Pua ndiyo iliyokuwa bwana wake. Ikinasa harufu, fwu, fwu, fwu, huyooo porini. Umwite, hasikii. Umfunge kamba, analia: "Auuuu!" Kijiji kizima macho.

Siku moja wakwe wa Bi Sikitu wakatuma salamu kwamba wanakuja. Bi Sikitu akahangaika. "Nyumba inanuka mbwa!" Akachukua chetezo, akatia ubani, akafukiza nyumba. Akafukiza kanga zake. Akamfukiza na Masikio, kama bibi harusi, akamfungia ndani.

Wakwe wakaja, wakala, wakasifu, wakaondoka. Masikio kimya. Bi Sikitu akaupenda ule utulivu. Kesho yake akafukiza tena. Keshokutwa tena.

"Sasa ana adabu," akasema Jogoo.

"Adabu gani? Hajala," akasema Paka. Na Paka huyo, tangu lini akamtetea mbwa!

Kweli, bakuli limejaa vilevile. Bi Sikitu akainama. "Masikio, baba, ni mimi." Mbwa akamtazama kama mgeni. Mkia haukutikisika. Bi Sikitu moyo ukamuuma, machozi yakamtoka.

"Amenisahau!"

"Hajakusahau, bibi," akasema Paka. "Mimi nakujua kwa uso. Yeye anakujua kwa pua, na pua umemzibia."

Bi Sikitu akamwaga makaa nje. Akafungua milango. Akavaa kanga yake ya shambani, ile yenye jasho na moshi wa kuni. Masikio akanyanyua pua. Fwu... fwu... "Auuuu!" Mkia, pa! pa! pa! Bakuli likapinduka.

Tangu hapo, kila asubuhi, Bi Sikitu alishika kamba ndefu akaifuata pua ile polepole, kichaka kwa kichaka. Jioni alimfuta masikio na kumtoa kupe. Majirani wakinung'unika, aliwajibu, "Ndiyo sauti yake." Paka naye nyuma yao, akijifanya ana safari zake.

Basi, wakubwa kwa wadogo, ukimpenda mwenzio mpende alivyoumbwa. Usimgeuze ili apendeze wageni. Hadithi yangu imekomea hapo mlangoni. Anayeitaka aichukue, ila asiifungie ndani.