Zimwi Aliyemlea Mtoto wa Mshona Kofia

Paukwa!

Pakawa!

Leo sisimulii kwa upole, kwa hiyo kaeni vizuri. Atakayelia, atalia akiwa amekaa.

Hapo kale paliondokea mwanamke mshona kofia, jina lake Mwanapili. Alikuwa na binti mmoja, Siwema, wa miaka mitatu. Kofia inataka macho na utulivu, na mtoto wa miaka mitatu hana utulivu. Siwema alivuta uzi, alificha sindano, aliuliza maswali mia kabla jua halijapanda. Mwanapili akachoka. Hapo simlaumu, namlaumu kwa yaliyofuata.

Basi siku moja akaja zimwi. Hakuja na mapembe wala damu mdomoni, maana zimwi wa namna hiyo hata kuku angemkimbia. Alikuja kajifunga kanga mpya, mkononi ana kioo kinachowaka, na ndani ya kioo ndege wanacheza ngoma.

"Shoga, naona mtoto anakusumbua," akasema. "Nikushikie kidogo tu, umalize kofia yako."

"Haya, kidogo tu," akasema Mwanapili.

Siwema akapewa kioo, akanyamaza. Kofia ikaisha. Kumbe zimwi amekula maswali yake yote, na tangu siku ile mtoto hakuuliza tena kitu. Mama akafurahi, eti mtoto ametulia.

Siku ya pili Siwema akakataa uji.

"Nikulishie kidogo tu," akasema zimwi.

"Haya, kidogo tu."

Mtoto akafungua kinywa, macho yake yakiwa kwenye kioo, akameza bila kujua anameza nini. Zimwi akala kicheko chake.

Siku ya tatu Siwema akakataa kulala mchana.

"Nikulazie kidogo tu."

"Haya, kidogo tu."

Zimwi akala usingizi wake, kisha akaingia ndani ya kioo akakaa humo. Toka hapo kioo hakikumtoka mtoto mkononi, na mama akashona kofia nzuri ambazo mji mzima ulizisifu.

Sasa sikilizeni. Katika mji ule mtoto wa kike akiitwa na mama yake huitika, "Abee." Na mazimwi wana sheria yao: mtoto akiitwa na mama yake mara tatu asiitike, huyo ni wao.

Adhuhuri moja Mwanapili akaweka sindano chini, akaita, "Siwema."

Kimya.

"Siwema."

Kimya.

"Siwema."

Sauti nene ikatoka kwenye kioo: "Huyu si wako tena."

Na mkono wa mtoto ukaanza kuzama ndani ya kioo. Vidole kwanza, kisha kiganja.

"Niachie mwanangu," akasema Mwanapili.

"Mwanao? Alipotaka kuchezeshwa, nani alimchezesha?"

"Wewe."

"Alipotaka kulishwa, nani alimlisha?"

"Wewe."

"Alipotaka kulazwa, nani alimlaza?"

"Wewe."

"Basi mama yake ni nani?"

Mwanapili akakimbilia kinuni.

Akachukua mchi akakitwanga kioo kwa nguvu zake zote. Hakikupata hata ufa. Zimwi akacheka sana.

"Ulinipa kwa mkono wako, mwanamke wewe. Kwa mchi sitoki."

Basi Mwanapili akautupa mchi, akakikamata kioo kwa mikono miwili, akavuta. Mkono wa mtoto ukachomoka. Akakitia kioo chini ya mkeka, akakikalia.

Siwema akamrukia. Akamng'ata bega, akamkwaruza uso, akagaagaa sakafuni. "Nipe changu. Wewe sikutaki," akalia. Majirani wakachungulia dirishani wakasema, "Mrudishie bwana, masikio yanatuuma." Huo ndio msaada wao.

Na kule chini ya mkeka zimwi akabembeleza. "Mrudishie kidogo tu."

Mwanapili hakuinuka.

"Kidogo tu, mtoto analia."

Hakuinuka.

"Kidogo tu."

Hakuinuka. Alilia na yeye, lakini hakuinuka. Chakula cha zimwi yule ni kutazamwa na watoto, na siku hiyo alikikosa. Jua lilipogeuka sauti yake ilikuwa imekonda. Ilipofika alasiri akafa kwa njaa, kioo kikazimika.

Siwema akaishiwa na machozi. Mwanapili akamfuta kamasi, akamwita taratibu, "Siwema." Mtoto akamtazama usoni muda mrefu.

"Wewe nani?" akauliza.

Msicheke. Mwanapili hakucheka. Zile kofia akaziacha, akaanza upya kumchezesha, kumlisha na kumlaza, siku baada ya siku, mpaka mtoto akamjua.

Hadithi yangu imekomea hapo, sina ya kuongeza. Funzo lake ni hili: kioo kiwe na saa yake, nayo iwe fupi, mama au baba akiwa ubavuni. Kisikaribie sahani wala kitanda. Na mtoto mdogo anayekusumbua, anakutaka wewe.

Haya, Mwanashehe, wewe uliyekuja kusikiliza ukamwacha mwanao ndani na simu. Nenda kamwite. Sisi tutakaa hapa kimya, tusikie kama ataitika.